TVA yangu (kodi ya ongezeko la thamani) imerudi: jibu kwa wale ambao bado wanangoja

Juma lililopita dada mmoja wa Likasi aliniandikia hivi: "Yaya, nimesikia kwamba TVA yako imerudishwa. Sisi tunangoja mwaka mzima bila jibu. Ulimpa nani?" Swali hilo la mwisho lilinichoma, kwa sababu linaonyesha jinsi tulivyozoea kuamini kwamba haki haipatikani bila matabishi, yaani hongo. Nitamjibu hapa mbele ya wote, na itanibidi nianze na aibu yangu.

Ndiyo, nilimpa mtu. Karakana yangu hapa Lubumbashi, Kongo, hukata na kung'arisha malakiti, lile jiwe la kijani, na karibu kila tunachokitengeneza, shanga, visanduku na sanamu za wanyama, huuzwa nje ya nchi. Mauzo ya nje hutozwa TVA ya asilimia 0, lakini mimi ninaponunua mashine, misumeno na makasha ya kufungia mizigo, hulipa asilimia 16 kama kila mnunuzi. Mfanyabiashara anayeuza hapa mjini huikata TVA aliyolipa katika ile anayowatoza wateja wake, naye hubaki sawa. Sisi tunaouza nje hatuna wa kumtoza, kwa hiyo kila mwezi, tunapopeleka tamko letu la kodi kabla ya tarehe 15 kupita, deni tunaloidai Serikali huzidi kukua, na ndiyo maana sheria inaturuhusu kuomba turudishiwe fedha zenyewe.

Niliomba, nikangoja miezi saba. Ndipo akaja bwana mmoja, komisioneri, yaani dalali, aliyevaa vizuri na kutaja majina makubwa, akasema kwamba dosie yangu, yaani faili la madai, "imelala" na kwamba yeye anajua kuiamsha. Nilimpa dola 600. Kibaya zaidi, nilimpa hati za forodha zenyewe, si nakala, na tangu wiki hiyo simu yake haikupatikana tena. Mwezi uleule nilishindwa kuwalipa wafanyakazi, na mng'arishaji wangu wa miaka tisa, kijana niliyemfundisha kazi tangu hajui kushika jiwe, akaondoka kwenda kutafuta riziki Kolwezi. Dola 600 nimekwisha kuzisamehe. Hilo la kijana bado linaniuma.

Aliyenisaidia kweli ni mzee mmoja wa Kampemba, mhasibu aliyestaafu, ambaye nasali naye kanisa moja. Hakutaka hata nauli. Alikaa barazani kwangu, akafungua boksi la ankara zangu, akazipanga kwa mafungu mawili bila kusema neno. Katika ankara 41, ankara 17 zilikuwa na kasoro: nyingine hazikuonyesha namba ya kodi ya muuzaji, yaani Numéro Impôt, na nyingine ziliandika bei moja tu bila kutenga kiasi cha TVA. Akaniambia, "Mwanangu, hawajakunyima. Hawana cha kusoma." Akanieleza kwamba tangu TVA ilipoanza tarehe 1 Januari 2012, mahali pa kodi ya zamani ya mauzo, mfumo wote umesimama juu ya ankara: fedha ninazodai ni zile ambazo muuzaji wangu alizipokea kwa niaba ya Serikali, na kama ankara haimtaji muuzaji huyo vizuri, hakuna awezaye kuhakiki kwamba fedha hizo zilipokelewa.

Basi tulianza upya. Nilirudi kwa wauzaji mmoja mmoja kuomba ankara zilizosahihishwa. Wawili walikataa, nami nikaziondoa ankara zao katika madai yangu, ingawa nilipoteza fedha. Nilikwenda mpakani Kasumbalesa mara tatu kutafuta nakala zilizothibitishwa za matamko ya forodha, kwa sababu bila hati inayoonyesha kwamba mzigo umevuka mpaka, asilimia 0 hiyo haina ushahidi. Mzee akachora jedwali moja: kila ankara na mwezi wa tamko lake, kila mzigo na hati yake ya forodha. Kila barua niliyopeleka ilirudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, na kila nilipoambiwa kwamba kuna kinachopungua, niliomba kwa heshima niandikiwe. Sitasimulia miezi iliyofuata. Mwezi uliopita madai yangu yalikubaliwa, nami nilitia sahihi ya kurudishiwa fedha zangu, mkono ukinitetemeka kwa furaha.

Ndugu zangu wenye karakana na kampuni ndogo, tuache kumtafuta mtu kabla ya kuitazama karatasi. Msimkabidhi yeyote hati zenu za asili, hata awe shemeji. Msipokee ankara isiyo na namba ya kodi kwa sababu ya haraka au kwa kumwonea muuzaji haya. Mrudishieni hapohapo dukani, wakati bado anataka fedha zenu. Na msaada tafuteni kwa mwenye ujuzi wa hesabu, asiyedai malipo gizani.

Dada wa Likasi, Jumamosi niko karakana tangu saa tatu asubuhi, na mzee amekubali kuja. Leta ankara zote, hata zile unazozionea aibu, pamoja na matamko ya mwaka mzima na hati za forodha. Fedha usilete.