Kwani jino muhogo?

Mwanangu alikuwa na miaka 11 alipoanguka na baiskeli barabara ya 14, Ngamiani, Tanga. Jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Jirani, kwa nia njema, akalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, akalifunga kwenye leso. Tulipofika kwa daktari yamepita masaa matatu, jino limekufa. Laiti ningejua! Jino la ukubwani likitoka, shika upande mweupe, usiguse mzizi, lirudishe tunduni palepale au litie kwenye kikombe cha maziwa, mkimbie hospitali.

Tukaambiwa asubiri akue ndipo awekewe jino la skrubu, yaani jino bandia linalokazwa kwenye mfupa wa taya. Ni kweli, taya la mtoto linakua na skrubu haikui nalo; jino lingebaki fupi wenzake wakishuka. Lakini miaka yote hiyo aitwe Pengo shuleni? Alishaanza kucheka kaziba mdomo kwa kiganja, hata mbele ya TV nyumbani.

Daktari mwingine, huko Dar, akaona meno yake yamesongamana na gego dogo moja la pembeni lingeng'olewa tu ili mengine yapangike. Akasema hilo hilo tulipande kwenye pengo. Bibi yake akamkatiza: "Kwani jino muhogo, daktari, ung'oe huku upande kule?"

Kumbe linapandika. Eksirei ilionyesha mzizi umefika kama robo tatu ya urefu wake, ncha yake bado wazi, kwa hiyo mishipa ya damu ingeweza kuota upya ndani. Likipandwa ncha ikiwa imeshafunga, kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, kwa kawaida hufa na kuhitaji tiba. Alipigwa ganzi, jino likatolewa taratibu kama mche na udongo wake, maana utando ulioshika mzizi ukichubuka jino hugandana na mfupa. Likafungwa kwa nyuzi, tukala uji na bokoboko wiki mbili (nasema tukala, nani angekula wali mbele yake?). Baadaye likachongwa na kuongezwa rezini, ile dawa ya kuzibia meno yenye rangi ya jino, lifanane na mwenzake.

Utafiti wa Norway wa 2002 ulikagua meno ya namna hii miaka 17 hadi 41 baada ya kupandwa; asilimia 90 yalikuwa bado mdomoni.

Si kila mtoto anafaa. Ila mwenye pengo asing'olewe gego hujauliza kama laweza kupandwa, na uulize mapema, akiwa na miaka 10 hadi 13. Sisi bado tunarudi Dar kupiga picha, na nauli ndiyo inayouma kuliko sindano.