Mwenye mabaka meupe ya ngozi ni najisi? Swali kutoka parasha ya Tazria na Metzora

SWALI: Shalom Rabi. Wiki hii katika Torati tunasoma parasha (sehemu ya juma) ya Tazria na Metzora, Walawi 12 hadi 15, yenye sheria za mapigo ya ngozi. Kaka yangu mkubwa ana mabaka meupe mikononi na usoni. Hospitali walimwambia ni vitiligo, haiambukizi na haimdhuru mtu. Sabato iliyopita alipoitwa kusoma Torati, mzee mmoja wa sinagogi alimzuia. Alisema kaka ni najisi mpaka apone, na kwamba akumbuke vizuri yeye alimsengenya nani, maana Miriamu alipigwa hivyo hivyo kwa kumsema Musa. Tangu siku hiyo kaka hataki kutoka nyumbani. Sheria inasemaje?

JIBU: Shalom aleichem, dada yangu. Kaka yako si najisi kwa mabaka hayo, na anaruhusiwa kusoma Torati. Mwambie arudi Sabato hii hii. Nimeanza na jibu lenyewe ili usingoje mpaka mwisho, kwa sababu mtu anayejifungia ndani kwa aibu hafai kungojeshwa.

Sasa sababu zake. Pigo la Walawi 13, tunaloliita tzaraat, halimfanyi mtu kuwa najisi kwa kuonekana tu. Linamnajisi pale kohen (kuhani wa ukoo wa Haruni) anapotamka. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria zetu), katika sehemu ya Negaim, inasema mambo haya yote hutegemea kinywa cha kohen: akiwa hajui sheria, mwanachuoni husimama kando yake na kumwambia, "Sema najisi," naye husema. Kabla ya neno hilo mtu ni safi, hata kama doa lina dalili zote. Leo hakuna kohen anayetoa hukumu hiyo, na hata utakaso wake hauwezi kukamilika, kwa kuwa dhabihu za siku ya nane zinahitaji Hekalu. Mzee wenu, kwa heshima zote, hana mamlaka ya kulitamka.

Tena, tuseme angekuwa najisi kweli. Bado asingezuiwa kusoma. Rabi Yehuda ben Beteira amefundisha katika Talmudi, Berakhot 22a, kwamba maneno ya Torati hayapokei unajisi, na Rambam (Maimonides, mwanasheria wetu mkuu) akaandika katika sheria zake kwamba kila aliye najisi aweza kushika gombo la Torati na kulisoma, mradi mikono yake haina uchafu. Unajisi ulimzuia mtu asiingie Hekaluni na asile vitu vitakatifu. Haukuwa dhambi, na wala haukuwa uchafu wa mwili. Mama aliyejifungua alikuwa najisi, na aliyemzika baba yake vilevile, na wote wawili walikuwa wametenda jambo jema.

Nadhani mzee amesoma sura hii kama sheria ya kuwatenga wagonjwa. Wengi huisoma hivyo, nami naomba uifungue uone mwenyewe. Walawi 13:12-13 inasema pigo likienea mwili mzima, kutoka kichwani hadi miguuni, na mtu akageuka mweupe wote, kohen atamtangaza kuwa safi. Ingekuwa habari ya maambukizi, huyo ndiye angekuwa wa kwanza kutolewa kambini! Bwana harusi akitokewa na doa, Mishna inampa siku zote saba za karamu yake kabla ya kukaguliwa, na wakati wa sikukuu kila mtu hupewa nafasi hiyo. Hakuna anayesubiri harusi iishe ndipo azuie ugonjwa wa kuambukiza. Na nyumba yenye pigo, kohen huamuru vyombo vitolewe nje kwanza kabla hajaingia kuitazama (Walawi 14:36), ili asije akavinajisi kwa hukumu yake. Wahenga wetu waliuliza: Torati imehurumia nini hapo? Vyombo vya shaba au vya nguo vingetakaswa kwa kuzamishwa majini. Ni vile vya udongo tu ambavyo havina utakaso. Basi Mwenyezi Mungu alikuwa anamwonea huruma mwenye nyumba kwa ajili ya chungu chake na kijibuyu chake cha mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua. Mishna hiyo hiyo, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inasema doa linalong'aa likiwa kwenye ngozi ya Mjerumani huonekana limefifia, na lililofifia likiwa kwenye ngozi ya Mkushi huonekana linang'aa. Yaani waliona kabisa kwamba weupe hututokeza sisi zaidi kuliko ulivyo. Rabi Yehuda akaamua kwamba katika kuyatazama madoa tufuate upande wa nafuu, na Mkushi apimwe kwa rangi ya kati ili asionewe na ngozi yake mwenyewe. Kohen hakukagua asubuhi na mapema, wala jioni, wala ndani ya nyumba, wala siku ya mawingu. Uangalifu wote huo, kisha mtu aamue kwa kutupa jicho tu mbele ya watu!

Kuhusu masengenyo, ni kweli. Talmudi, Arakhin 16a, inataja mambo saba yaletayo tzaraat: ulimi mbaya, kumwaga damu, kiapo cha bure, uzinzi, kiburi, wizi na uchoyo. Lakini Rambam anaeleza kwamba tzaraat ilikuwa ishara na ajabu katika Israeli, nje ya desturi ya maumbile. Haikuwa magonjwa ya ngozi yanayotibiwa hospitali. Na aliyechukua fundisho hili akaligeuza fimbo ya kumpigia mgonjwa amevunja sheria iliyo wazi. Talmudi, Bava Metzia 58b, inakataza kumwambia mtu aliyepatwa na mateso au ugonjwa kama rafiki za Ayubu walivyomwambia: "Kumbuka, ni nani aliyeangamia akiwa hana hatia?" Hilo ni kumsimanga mwenzako kwa maneno, na msingi wake ni Walawi 25:17. Hata Miriamu, ambaye Torati yenyewe imetaja kosa lake, Musa alimwombea papo hapo, na taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa.

Kama kaka yako ni kohen, liko suala moja la kuangalia: baraka ya makohani. Megillah 24b inasema mwenye mabaka mikononi asiinue mikono kubariki, kwa sababu watu watamkodolea macho. Sababu yake ni macho ya watu, unajisi haumo. Kwa hiyo akishazoeleka mjini kwake anabariki, na mahali ambapo makohani hufunika uso na mikono kwa talit (shali ya sala) anabariki pia.

Zungumza na mzee faraghani, na usimtaje jina kwa wengine. Anapaswa kumwomba kaka yako msamaha, na kwa kuwa alimwaibisha mbele ya watu, ni vyema amwombe mbele yao. Mwonyeshe ukurasa ule wa Bava Metzia, msome pamoja. Kisha mwombe anayepanga wasomaji ampe kaka aliya (mwito wa kusoma Torati) Sabato hii: ya kwanza kama ni kohen, ya pili kama ni Mlawi, la sivyo ya tatu au yoyote inayofuata.