Kabla ya kushika upinde, iimbe Nigun

Kama umejifunza fidla kwenye taarab na sasa mwalimu amekupa Nigun, kipande cha fidla cha mtunzi Ernest Bloch, usianze na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo. Mimi nilianza nayo, nikapoteza miezi miwili.

Noti zote zilikuwa mahali pake, lakini wimbo ulikuwa umekufa. Siku moja niliipiga kabla ya mazoezi, na mzee wetu wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, akanisikiliza hadi mwisho. "Mbona mbio, mwanangu? Hiyo si taksim?" Nikatazama karatasi: chini ya jina, Bloch mwenyewe ameiita improvizesheni, yaani muziki wa kubuni papo hapo, kama taksim yetu isiyofuata mapigo. Kila siku nilikuwa nikilipita neno lile.

Kwa Wayahudi wa Kihasidi, madhehebu ya wacha Mungu, niguni ni wimbo wa ibada ambao mara nyingi hauna maneno. Huimbwa kwa silabi tupu, ukirudiwarudiwa hadi moyo uchemke. Bloch, Myahudi aliyezaliwa Geneva mwaka 1880, aliitunga Nigun yake mwaka 1923 akiwa Marekani. Ni sehemu ya pili kati ya tatu za Baal Shem, kwa fidla na piano. Alishasema wazi kwamba yeye si mfukuaji wa mambo ya kale. Alitafuta roho ya watu wake na kuisemesha kwa ala na maandishi ya Ulaya.

Basi weka upinde chini, uimbe. Silabi yoyote inatosha. Pumzi inapokukatikia, tia alama ya penseli. Hapo ndipo upinde utapumua. Utakutana na mruko wa toni moja na nusu, ambao sikio lako linaujua tangu utotoni: ni ule wa hijazi, makamu tunayoipiga kwenye taarab. Usiukimbilie. Kaa kwenye noti ya chini mpaka iume.

Ila hapa sisi wa taarab hukosea. Kwenye hijazi tumezoea kuubana mruko huo, noti ya chini ipande kidogo, ya juu ishuke. Piano haibaniki, na ukibana mtagombana kila mstari. Wala usiongeze mapambo yako. Ya Bloch yameshaandikwa noti kwa noti. Uhuru aliokuachia ni wa mwendo.

Mpiga piano naye asihesabu, asikilize pumzi yako. Mimi na mwenzangu ilituchukua jioni tatu. Ya tatu, mzee wa kanuni alivuta kiti akakaa nasi.