Mtoto hubeba kazini alichokabidhiwa shuleni

Dada mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na maadili ya shule unapomtafutia binti yako nafasi ya kidato cha kwanza, au uangalie ufaulu tu, kwa kuwa ajira siku hizi ni koneksheni. Mimi ni mfamasia, nasimamia stoo ya dawa hospitalini, na kila mwaka napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Angalia vyote viwili, ila maadili usiyasome kwenye bango la getini.

Nilisoma bweni, shule ya wasichana ya serikali, nikawa kiranja wa chakula. Mzabuni akileta maharage, mwalimu wa stoo alinitanguliza mimi. Naweka mzani pasipo na bonde, nahakikisha mshale umesimama kwenye sifuri, napima gunia moja moja na kuandika. Hati ya mzabuni mwalimu alikuwa ameikunja mfukoni, siruhusiwi kuiona mpaka nimalize. Ndipo tunalinganisha. Gunia likiwa pungufu linarudishwa kwenye gari mbele ya macho yangu, na huyo mzabuni ni mtu mzima anayeheshimika mjini. Sikumbuki kama mwalimu yule aliwahi kunihubiria uaminifu. Nilichojua ni kwamba wenzangu wakilala njaa mwisho wa muhula, saini iliyo kwenye daftari ni yangu.

Leo mzigo wa dawa ukifika, nafanya vilevile. Kijana anahesabu makasha, anaandika namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ndipo namwonyesha ankara. Ukimpa karatasi mapema, anaona kile karatasi inachosema. Chuoni nilifundishwa dawa, na ninashukuru, lakini ujasiri wa kumwambia dereva mwenye haraka zake kwamba hapa pamepungua kasha moja nilifika nao chuoni tayari.

Sasa upande wa pili, ambao wazazi hatuusemi. Shule inafundisha pia kwa adhabu zake. Nikupe mfano wa stoo: insulini, dawa ya kisukari, ikiwa haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kwa macho unaweza usione tofauti. Mgonjwa atajidunga, sukari inaweza isishuke inavyotakiwa, na hakuna atakayejua kwa nini. Usalama wake wote uko kwa kijana anayesoma kipimajoto asubuhi na kuandika alichokiona. Nimewahi kukuta fomu ya joto ina 4 kila siku, asubuhi na jioni, wiki nzima, wakati umeme ulikatika usiku kucha katikati ya wiki hiyohiyo. Nilimkalisha kijana tukaongea kwa utulivu. Akaniambia shuleni kwao aliyesema "nimevunja" alichapwa, na aliyenyamaza alipona. Hakuwa mvivu, na kichwani yuko vizuri sana. Alifundwa hivyo kwa miaka minne.

Kanuni za nchi yetu, Tanzania, zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na adhabu iandikwe. Wote tunajua kinachofanyika kwenye shule nyingi. Inaniuma, kwa sababu gharama yake analipa mtu mwingine kabisa, amelala wodini.

Na shamba? Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka shule iwe na shamba ambalo maisha ya wanafunzi yanalitegemea kweli, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Alikuwa anapigana na kisomo kinachomfanya mtoto amdharau mkulima. Wengi wetu jembe tulilipata kama adhabu: umechelewa prepu, kalime. Matokeo yake nakutana nayo kila mwaka. Kijana mwenye cheti kizuri anaona kufuta vumbi kwenye rafu ni kazi ya mhudumu, wakati ni katika kufuta rafu ndipo unapogundua chupa iliyojificha nyuma ikakaribia kuisha muda. Waliotoka shule ambazo bustani ilikuwa ya darasa, wakavuna na kula mboga zao wenyewe, hawasubiri kuambiwa.

Koneksheni ipo, sikatai, na nimeona vijana wazuri wakiachwa kwa sababu yake. Lakini wakaguzi wanapokuja wanalinganisha leja na kilichopo kwenye rafu, na aliyekuingiza kazini hayupo pale kukujibia.

Kwa hiyo dada, ukienda kutembelea shule, matokeo ya kidato cha nne watakuonyesha bila kuulizwa. Wewe omba kupita stoo na jikoni. Uliza nani anapokea chakula kikija, na kama kuna mwanafunzi anayesaini. Muulize mwalimu wa maabara, mwanafunzi akipasua bika, kile chombo cha kioo cha kupimia, anafanya nini na anafanywa nini. Kisha mtafute mwanafunzi mmoja, mbali kidogo na walimu, umuulize swali hilohilo la bika. Majibu mawili yakifanana, na anayesema ukweli hachapwi, mpeleke mtoto hapo hata kama shule ya jirani imeipita kwa division one chache.