Maisha Baada ya Kuondolewa Kongosho

SWALI: Mume wangu aliondolewa kongosho lote miezi 3 iliyopita. Tangu hapo sukari yake hupanda na kushuka ghafla, na kila akila parachichi hupata choo laini chenye mafuta kinachoelea. Je, aache mafuta kabisa?
Mama wa watoto wawili, Tukuyu

JIBU: Pole sana, dada, kwa uuguzi huo mzito. Kongosho ndicho kiungo kinachotengeneza homoni za sukari na vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula. Kwa hiyo mumeo hakupoteza insulini inayoshusha sukari peke yake, bali pia glukagoni, ambayo ndiyo homoni inayoinua sukari inaposhuka. Ndiyo maana sukari yake ikianza kuporomoka, mwili hauna njia nzuri ya kujitetea. Apime mara kwa mara, hasa kabla ya kula na kabla ya kulala, na asidunge insulini ya mlo kabla ya kuhakikisha kwamba chakula kiko tayari. Akitetemeka au kutokwa na jasho, mpe mara moja maji yenye sukari. Akipoteza fahamu, usimpe chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Parachichi asiliache, kwani anahitaji nguvu. Choo hicho huonyesha kwamba vidonge vya vimeng'enya anavyomeza ili kusaga mafuta havitoshi, au vinamezwa kwa wakati usiofaa. Vidonge hivyo huanza na tonge la kwanza na kuendelea katikati ya mlo, bila kutafunwa wala kuteremshwa kwa chai ya moto. Mwombeni daktari aangalie upya kipimo chake, pamoja na hali ya vitamini A, D, E na K.