Udaku, udadisi na udukuzi

Swali: Mwanangu mwenye umri wa miaka 9 huuliza maswali kuhusu kila jambo, na jirani yangu humwita mdaku. Je, neno hilo linamfaa?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Halimfai. Mdadisi ni mtu anayeuliza au kuchunguza ili ajue, na ndiyo maana twaweza kumsifu mwanafunzi au mtafiti kwa udadisi wake, ilhali mdaku huchunguza mambo ya watu yasiyomhusu, na aghalabu hayaishii kifuani mwake. Hapo udaku hukaribiana na umbea, ingawa mkazo wa umbea umo katika kuyasambaza maneno zaidi ya kuyatafuta. Nchini Tanzania neno hili limeingia pia katika uandishi wa habari: magazeti ya udaku ni yale yanayoandika zaidi siri na mapenzi ya watu mashuhuri, na wasomaji wake, tukiri, si wachache. Udukuzi, uliohusu kusikiliza kwa siri mazungumzo ya wengine, leo hutumika zaidi kwa kitendo cha kuingilia kompyuta na simu bila idhini. Jirani anayetaka kulalamika bila kutukana aseme tu kwamba mtoto huyo ni mdadisi mno.