Mti tunaoupima kwa miguu

Mmeuliza wiki hii: ni desturi gani ya likizo ambayo familia yenu haiiachi? Yetu ni kwenda kupima mti ulioanguka.

Tunaishi Oakland, California. Kila Agosti tunapakia chapati na chupa ya chai ya tangawizi, tunashika barabara ya 101 kwenda kaskazini, zaidi ya saa nne, mpaka Humboldt kwenye mirediwudi, ile miti mirefu iitwayo redwood kwa Kiingereza. Ndivyo tunavyoiita nyumbani, na watoto wameshasahau kwamba neno tumelitunga wenyewe. Humo msituni kuna mti uitwao Dyerville Giant. Ulikuwa na urefu wa mita 110 hivi, kama minazi minne iliyobebana mabegani, mpaka ulipoanguka Machi 1991. Wameuacha palepale. Majani yameuota mgongoni, na mizizi iliyong'oka imesimama kama ukuta wa nyumba. Mirediwudi haina mzizi wa kuzama chini sana. Hutandaza mizizi pembeni, ikashikana na ya jirani.

Mchezo ni huu: unaanzia kwenye mizizi, unafuata gogo kandokando mpaka mwisho, unahesabu hatua. Ukipoteza hesabu, unarudi mwanzo. Mume wangu hurudi kila mwaka, maana hawezi kupishana na mtu asimsalimie.

Mwaka 2018 mama alikuja kutoka Tanga. Asubuhi ile ukungu wa Pasifiki ulikuwa umenasa juu kwenye matawi, matone yakamdondokea kwenye mtandio. "Mvua gani hii isiyo na wingu?" Nikamweleza kwamba kiangazi huko mvua ni adimu, miti hunywa ukungu. Akaweka kiganja kwenye gome la mti mmoja uliosimama, gome nene kama godoro, akatazama juu mpaka mtandio ukamwanguka.

"Hapa unachongwa mtumbwi wa kubeba mtaa mzima wa Chumbageni."

Lakini kuuhesabia hatua ule uliolala alikataa katakata. "Maiti hupimwa mara moja tu, mwanangu." Akakaa kwenye benchi na chai yake, akavutiwa zaidi na koa wa rangi ya ndizi mbivu aliyekuwa akijikokota karibu na kiatu chake.

Hesabu zote tunaziandika kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Kifungua mimba wangu alianza mwaka 2015, ana miaka sita: hatua 251. Mwaka hadi mwaka zikapungua, 230, 204, 178. Zangu hazikuwa na habari, 152 au 153, ungedhani nanakili.

Mwaka jana yeye alipata 139. Mimi nilipata 171, kwa ajili ya goti ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Niliandika haraka nikafunga daftari. Akalichukua, akalifungua, akasoma. Hakusema kitu. Njia nzima ya kurudi kwenye gari alitembea nyuma yangu, na kikapu cha chai alikuwa amekibeba yeye.